Kwa nini sura hupotea katika video ya arusi?

Usione vyaelea, vimeundwa. Je, msomaji, umewahi kungojea video ya arusi ya mwanao kwa majuma kadhaa, kisha ilipoletwa ukakuta gauni la bibi arusi linang'aa kama karatasi tupu, naye nyanya aliyeketi ndani ya hema haonekani ila meno na kitambaa cha kichwa? Wengi huilaumu kamera. Wengine hudai ati ngozi nyeusi haishiki picha. Hayo si kweli. Aghalabu kilichokosekana ni kipimo.

Jicho la binadamu ni hodari, lakini hudanganyika kwa urahisi kwa kuwa huzoea upesi mwangaza na rangi ya mahali lilipo. Mhariri akifanya kazi usiku chumbani gizani, picha huonekana kwake kuwa na mwangaza mwingi. Akiitazama picha iyo hiyo karibu na dirisha saa sita mchana, ataiona imefifia. Fauka ya hayo, runinga hazilingani. Akitumia iliyoongezwa mwangaza, ataitia picha giza bila haja, nawe utaliona giza hilo nyumbani kwako.

Ndiposa mafundi wa stesheni za runinga hawategemei jicho peke yake. Wao huipima ishara inayoibeba picha, na vyombo vyao vikuu ni viwili.

Cha kwanza ni weivfomu. Hiki huchora mwangaza wa picha juu ya mizani ya 0 hadi 100. Sifuri ni weusi mtupu, 100 ni weupe wa mwisho. Upande wa kushoto wa mchoro ni upande wa kushoto wa picha, kwa hivyo fundi hutambua kama kilichopita kiasi ni gauni au ni anga. Kwa kamera za kawaida, gauni likigota kwenye 100 nakshi zake zimekwisha kupotea, na uso ukizama kwenye 0 hakuna mhariri wa kuuokoa. Kamera haikuunasa.

Cha pili ni vektaskopu, duara mfano wa dira. Mwelekeo wa alama huonyesha ni rangi gani, na umbali wake kutoka katikati huonyesha ukolevu. Hema la buluu likizitia nyuso rangi yake, alama husogea upande wa buluu hata kama jicho la mhariri limekwisha kuizoea hali hiyo.

Ngozi zote, mstari mmoja

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Katika vektaskopu, ngozi za watu wa mataifa yote huangukia karibu na mstari mmoja, baina ya nyekundu na manjano. Kinachotofautiana hasa ni mwangaza. Kwa miaka mingi wapigapicha walifunzwa kuuweka uso wa Mzungu kwenye 70 hivi. Ukiulazimisha uso mweusi ufike hapo, utauchujua, na gauni lililo kando yake litapita kiasi. Mahali pake pa haki ni chini ya hapo.

Hata katika picha za filamu mambo yalikuwa hayo. Maabara za Marekani zilisahihisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi iliyoitwa Shirley. Ni katika miaka ya 1990 ambapo kampuni ya Kodak ilitoa kadi yenye watu wa rangi mbalimbali. Waama, kasoro haikuwa ya ngozi bali ya kipimo.

Vyombo hivi vilikuwa mali ya wenye uwezo. Kampuni kama Tektronix ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka wa 1946, ziliviunda kwa ajili ya stesheni, vikafungwa kwenye rafu za vyumba vya mitambo. Siku hizi skrini ndogo ya inchi 5 au 7, inayotumia betri na kukaa juu ya kamera, yaweza kuonyesha vipimo vyote viwili palepale uwanjani. Naye mhariri mwenye kompyuta ya mkononi anavipata ndani ya programu kama DaVinci Resolve, ambayo imekuwa na toleo la bure tangu 2011. Hata skrini yake ikiwa mbovu, vipimo hivyo huisoma picha yenyewe.

Kabla ya kulipa

Kwa hivyo, msomaji, usiridhike na ukubwa wa kamera. Muulize mpigapicha anapimaje mwangaza, na umwombe akuonyeshe kazi aliyofanya juani na ndani ya hema. Mwambie anase picha ya majaribio ya watu wawili, mmoja mweupe wa ngozi na mwingine mweusi, wakiwa kando ya kitambaa cheupe. Ukiweza, kodi hema jeupe badala ya la rangi. Jua likiwa kali, maarusi wasimame kivulini.

Kipimo hakitamfunza mtu kuchagua picha ya kupendeza. Hiyo ni kazi ya moyo na jicho. Lakini arusi hairudiwi, na nyanya huenda asiwepo katika arusi ijayo. Uso wake na uonekane.