Nkambo na Njia Zake: Akina Mama Waliohamia Kolwezi

Aghalabu bibi mzee, nkambo kama tunavyomwita, anapofariki katika mitaa ya Musonoi au Kapata, pale Kolwezi, na jamaa wakaketi kilioni, husimama mkubwa wa ukoo akaeleza ugonjwa ulivyoanza, hospitali aliyopelekwa marehemu na saa aliyokata roho. Lakini safari ile iliyomtoa katika kijiji cha wazazi wake, ikamvusha mito na maziwa hata ikamfikisha kwenye nchi ya shaba ya Katanga, hutajwa kwa maneno mawili tu, kwamba alitoka Kasai, au alitoka Rwanda, kisha mazungumzo yakaendelea. Naona hii kuwa ni dhuluma, ingawa haikukusudiwa, kwa kuwa wasifu wa akina mama hao ni njia walizozipita, na njia hizo zikisahauliwa hubaki jina tupu.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, hapo awali iliwataka wanaume peke yao, wengi wao kutoka Rhodesia ya Kaskazini, wafanye kazi miezi kadhaa kisha warudi kwao. Mnamo mwisho wa miaka ya 1920, ilipoona hasara ya kufundisha watu wapya kila mara na ya kuwapoteza wengine kwa maradhi, ikageuza shauri: ikaweka mkataba wa miaka mitatu, ikajenga nyumba za familia katika kambi zake, ikawa hata tayari kumkopesha kijana fedha za mahari. Hivyo wake waliingia katika hesabu za makarani kama dawa ya kumtuliza mfanyakazi; bali wao wenyewe walikuja na nia zao, na wapo waliokuja kwa kuikimbia njaa, au kwa kumfuata mume waliyempenda.

Njia hazikuwa moja. Aliyetoka Kasai alipanda gari la moshi katika reli iliyokamilika mwaka 1928 kati ya Bukama na Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo. Akapita Kamina na Bukama hata Tenke, akageukia magharibi kwa reli ya Dilolo, iliyounganishwa na ile ya Benguela mwaka 1931. Lakini aliyetoka Rwanda au Urundi safari yake ilikuwa ya maji na chuma: kwanza meli juu ya Ziwa Tanganyika hadi Albertville, kisha gari la moshi hadi Kabalo, kisha mashua ya moshi ikipanda mto Lualaba katikati ya mafunjo na viboko hadi Bukama, kisha gari la moshi tena. Mtu afikirie binti aliyezaliwa mlimani, asiyewahi kuona maji mapana, amempakata mtoto wake juu ya sitaha siku baada ya siku, naye hajui lugha ya abiria wenzake.

Walipofika walikuta mji mchanga, maana Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937. Posho ilitolewa kwa haki ya kazi ya mume, na namba ya kazini ilikuwa ya mume. Mama alikuwa mke wa namba fulani. Katika nyumba za mafunzo ya wanawake alifundishwa kushona na kufuma, na kwenye bomba la maji alijifunza Kiswahili kutoka kwa majirani ambao nao walikuwa wamekipata kambini. Jikoni, hata hivyo, hakuna mwalimu aliyemtawala: mama wa Kasai aliendelea kuchanganya unga wa muhogo na wa mahindi katika bukari yake, yaani ugali, na wajukuu wakakua wakidhani kwamba ndivyo bukari inavyopikwa duniani kote.

Na safari haikukoma kwa kufika. Ulikuja mfarakano wa Katanga, ilipojitenga na Kongo, kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963. Ikaja Mei 1978, wapiganaji kutoka Angola walipoiteka Kolwezi na askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka kutoka angani. Ila lililo chungu kuliko yote ni lile la Machi 1993, zama za gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, wenye asili ya Kasai walipofukuzwa. Familia zikalala kituoni Kolwezi majuma mengi, katikati ya magodoro, mabati na masufuria, zikingoja mabehewa. Bibi aliyekuja kwa reli hiyo akiwa bi harusi aliondoshwa kwa reli ileile pamoja na wajukuu, akarudishwa eti kwao, Mwene-Ditu au Mbuji-Mayi, miji ambayo watoto hao hawajawahi kuitia machoni.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa mwaka 2001 kitabu juu ya watoto wa shaba walioachwa na baba yao, na baba huyo ni kampuni, iliyokuwa imekwisha kuwa Gécamines. Nami husema: baba alipowaacha, mama hakuwaacha. Mishahara ilipokosekana miezi mingi, kabla ya maelfu ya wafanyakazi kuachishwa kazi mwaka 2003, ni yeye aliyelima mahindi nje ya mji, akauza sombe, yaani majani ya muhogo, na samaki wakavu sokoni, akalipa karo.

Leo Kolwezi ni makao makuu ya Lualaba, jimbo lililozaliwa mwaka 2015, na kobalti inawavuta wageni wengine, wakiwamo waliokimbia vita vya Kasai vya 2016 na 2017. Kwa hiyo mwenye nkambo aliye hai na amwulize sasa: alipandia kituo gani, nani alikuwa naye ndani ya behewa, mtoto yupi alizaliwa wapi, na kwa nini akapewa jina hilo, aliuza nini mwaka ule mshahara usipokuja. Majibu na yaandikwe katika daftari la shule, kwa Kiswahili kilekile anachokisema yeye, na siku ya kilio mkubwa wa ukoo asimame nalo mkononi, asome yote kabla ya kufika kwenye habari ya ugonjwa.