Je, Wajua? Deni la Hukumu na Malipo ya Mkupuo

Kesi ilikwisha zamani, hukumu imelala ndani ya jalada, na pesa hazijalipwa. Siku moja mdaiwa anabisha hodi na fungu la fedha mkononi: "Pokea hizi, tumalizane." Kabla hamjapeana mikono, yajueni haya.

1. Je, wajua kwamba hukumu nayo huzeeka? Kenya, Tanzania na Uganda zimeiwekea ukomo wa miaka 12. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisisitiza kuwa ukomo huo unagusa hata ukaziaji wa hukumu, yaani utekelezaji wake. Ndiyo maana mdai mwenye hukumu ya miaka 11 ana sababu kubwa zaidi ya kusikiliza ofa kuliko mwenye hukumu ya miezi 11.

2. Je, wajua kwamba hukumu ikishapita mwaka mmoja bila kukaziwa, kwa kawaida dalali wa mahakama hatumwi moja kwa moja? Kenya na Tanzania, mahakama humwita kwanza mdaiwa aje aeleze kwa nini hukumu isikaziwe. Wito huo usiukimbie. Hapo ndipo pa kusema una kiasi gani na utakitoa lini.

3. Je, wajua kwamba Tanzania riba ya deni la hukumu ni asilimia 7 kwa mwaka, lakini wahusika wanaweza kukubaliana kwa maandishi kiwango kingine kisichozidi asilimia 12? Makubaliano hayo yanaruhusiwa hata baada ya hukumu kutolewa. Mdaiwa anayesaini mpango wa kulipa bila kuusoma anaweza kujipandishia riba kwa kalamu yake mwenyewe.

4. Je, wajua riba hiyo hufika wapi? Chukua deni la shilingi milioni 10. Kwa asilimia 7, bila riba juu ya riba, kila mwaka huongezeka 700,000. Baada ya miaka 10 deni ni milioni 17. Mdaiwa akija na milioni 10 taslimu, mdai anasamehe riba lakini anapata kila senti ya deni la msingi. Ofa ya namna hiyo huwa rahisi kuitetea kwa pande zote mbili.

5. Je, wajua kwamba Kenya hukumu isipotaja riba, sheria huihesabu kuwa asilimia 6 kwa mwaka? Tena riba iliyolala zaidi ya miaka sita tangu siku ilipostahili kulipwa haidaiki. Hukumu ya shilingi milioni moja yenye umri wa miaka 11 ingezaa riba ya 660,000, lakini inayoweza kudaiwa ni ya miaka sita ya mwisho tu: 360,000. Mdaiwa asiyejua hilo huanza mazungumzo akiwa tayari amepoteza 300,000.

6. Je, wajua kwamba kuna mali ambayo dalali wa mahakama haruhusiwi kuigusa? Nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake vimekingwa na sheria za Kenya na Tanzania. Tanzania imeongeza nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake, ingawa nyumba iliyowekwa rehani ni habari nyingine. Mdai akigundua kwamba mdaiwa hana kingine zaidi ya hivyo, nusu ya fedha inayoonekana humfaa kuliko hukumu nzima isiyokamatika.

7. Je, wajua kwamba mdai anayeomba mdaiwa wake afungwe ndiye anayelipia chakula chake gerezani? Kifungo cha madai kina kikomo cha miezi sita. Mfungwa akitoka hakamatwi tena kwa hukumu ileile, lakini deni linabaki palepale. Mdai basi ametoa fedha za posho na bado anadai.

8. Je, wajua kwamba kushindwa kulipa deni la mkataba pekee si sababu halali ya kumfunga mtu? Ndivyo unavyosema Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, katika ibara ya 11. Kenya ilijiunga nao mwaka 1972, Tanzania 1976. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Kenya haikukifuta kifungo cha madai, ila ilisisitiza kwamba mdaiwa apewe kwanza nafasi ya haki ya kujieleza. Mtu asiyekuwa nacho hatendewi sawa na anayeficha.

9. Je, wajua kwamba mahakama za Uingereza ziliwahi kusema farasi anaweza kufuta deni ambalo fedha pungufu haziwezi kulifuta? Katika kesi ya Pinnel ya mwaka 1602, majaji walisema kulipa kiasi kidogo siku ya deni hakumalizi deni kubwa, hata kama mdai amekubali. Lakini mdai akipokea farasi, kipanga au joho, deni limekwisha, kwa kuwa huenda kitu hicho kinamfaa kuliko fedha.

10. Je, wajua kisa cha Dk. Foakes na Bi. Beer? Daktari huyo alikuwa na deni la hukumu la pauni 2,090 na shilingi 19, la mwaka 1875. Mwaka uliofuata walikubaliana kwa maandishi: alipe pauni 500 papo hapo, zinazobaki kwa awamu, na bibi asimchukulie hatua. Daktari akalipa hadi senti ya mwisho. Bi. Beer akarudi kudai riba, na mwaka 1884 mabwana majaji wa House of Lords, mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, wakampa haki. Ahadi yake ya kutodai zaidi haikuwa imelipiwa chochote kipya.

11. Je, wajua kwamba ukivuka mpaka wa Namanga, kati ya Kenya na Tanzania, kanuni hubadilika? Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyochotwa kwenye sheria ya India ya 1872, humruhusu anayedai kusamehe sehemu ya alichoahidiwa, au kupokea badala yake chochote kinachomridhisha. Kenya iliiacha sheria hiyo ya India mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kushika kanuni za mikataba za Uingereza, alikotoka Bi. Beer. Kwa hiyo Mkenya anayelipa pungufu asitegemee maneno matupu. Adai hati rasmi yenye mashahidi, au makubaliano yaingizwe mahakamani.

12. Je, wajua kwamba fedha za ndugu zina nguvu ya pekee? Mwaka 1911 mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua kesi ya wakopeshaji wa India waliomdai afisa wa jeshi. Baba yake aliwatumia hawala ya kiasi pungufu ili kumaliza deni lote. Wakaigeuza kuwa fedha, kisha wakamshtaki kijana kwa salio. Walishindwa: aliyepokea fedha za mtu wa tatu kwa sharti la kumaliza, amemaliza.

13. Je, wajua kwamba suluhu ya nusu kwa nusu imo katika hadithi sahihi za Mtume Muhammad (S.A.W.)? Imepokewa na Bukhari kwamba Kaab bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad msikitini hadi sauti zikapanda. Mtume akatokea na kumwashiria Kaab apunguze nusu. Kaab akakubali, na mdaiwa akaambiwa ainuke akalipe. Msamaha na malipo vilikwenda pamoja.

14. Je, wajua kwamba Serikali haikamatiwi mali? Kenya na Tanzania, aliyeishinda Serikali mahakamani hawezi kutuma dalali kwenye magari yake. Hupewa cheti cha amri ya mahakama, kisha anafuata njia nyingine ndefu.

15. Je, wajua kwamba msamaha wa deni unaweza kuleta kodi? Nchini Marekani, mkopeshaji kama benki akifuta deni la dola 600 au zaidi huripoti mamlaka ya kodi, na kiasi kilichofutwa kwa kawaida huhesabiwa kuwa kipato, isipokuwa mdaiwa aangukie kwenye misamaha kama ya mufilisi. Ndugu walioko huko waulize kabla ya kusaini.

16. Je, wajua kwamba fedha iliyolipwa nje ya mahakama inaweza kuhesabika kama haikulipwa? Mdai ana wajibu wa kuiarifu mahakama kwamba amelipwa au wameelewana. Akikaa kimya, mdaiwa mwenyewe anaweza kupeleka maombi. Tanzania, malipo ambayo hayakuthibitishwa wala kuandikwa hayatambuliwi na mahakama inayokazia hukumu. Muamala wa simu peke yake hautoshi.

17. Je, wajua kwamba makubaliano yakishakuwa amri ya mahakama, kuyavunja ni kazi ngumu? Tangu kesi ya Brooke Bond Liebig ya mwaka 1975, msimamo wa mahakama za Afrika Mashariki ni kwamba amri ya maridhiano haitenguliwi ila kwa sababu nzito, kama ulaghai, njama au kutojua mambo ya msingi. Kujuta si mojawapo.

Basi, mdaiwa: taja kiasi ulicho nacho kweli, na usikitoe kabla ya maandishi. Karatasi iseme namba ya kesi, kiasi, tarehe ya mwisho ya kulipa, kwamba malipo hayo yanamaliza deni la msingi, riba na gharama, na nani atabeba ada ya dalali. Mdai: andika kwamba siku ikipita bila fedha, deni lote linarudi. Kisha nendeni wote wawili masijala mkaiweke karatasi hiyo ndani ya jalada. Deni la hukumu lilizaliwa mahakamani, na huko ndiko linakofutwa.