Hesabu ya Mzunguko wa Shamba

Ndugu mkulima, kabla hujanunua seng'enge, lizunguke shamba lako ukihesabu hatua. Mimi niliwahi kukisia kwa macho, nayo seng'enge ikaisha upande mmoja ungali wazi; ng'ombe wakapita hapo wakala mahindi.

Shamba la hatua 60 kwa 60 lina mzunguko wa hatua 240. La hatua 20 kwa 180 lina eneo lile lile, lakini mzunguko wake ni hatua 400! Ukisimamisha nguzo kila hatua 4, la kwanza litataka nguzo 60, la pili 100. Zidisha kwa bei ya dukani, uone. Kwa hiyo ndugu wanaogawana urithi wasikate shamba vipande vyembamba kama mkanda. Asiye na fedha apande minyaa, ila utomvu wake usimwingie machoni.