Mbegu Hupandwa, Mche Hupandikizwa: Istilahi Mbili za Tiba ya Uzazi

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa tafsiri kijikaratasi cha kliniki ya uzazi. Zoezi lilionekana jepesi, lakini tiba moja ilirudi na majina matatu: uhimilishaji, upandikizaji wa mbegu na upandikizaji wa mimba. Katika makala haya tunanuia kuonyesha kwamba tofauti hiyo si ya maneno matupu.

Kwanza tuitazame tiba yenyewe. Mume na mke huhesabiwa kuwa na tatizo la uzazi iwapo wamekutana kimwili bila kinga kwa miezi 12 au zaidi pasipo kupata mimba. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu mzima mmoja kati ya 6 hupatwa na tatizo hilo maishani. Baada ya wote wawili kupimwa, wanaweza kushauriwa hivi: shahawa za mume husafishwa maabarani ili mbegu zenye nguvu zitengwe, kisha daktari huziingiza katika mji wa mimba kwa mpira mwembamba. Hufanywa karibu na wakati yai linapotoka kwenye ovari, kwa kuwa yai huishi takriban siku moja tu. Yanayofuata hutokea ndani ya mwili wa mke: mbegu husafiri zenyewe na kukutana na yai katika mrija wa uzazi. Hivyo basi, sharti angalau mrija mmoja uwe wazi.

Njia ya pili ni tofauti. Yai hutolewa, hukutanishwa na mbegu maabarani, na kiinitete kinachopatikana hurudishwa katika mji wa mimba baada ya siku chache. Louise Brown, aliyezaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978, ndiye mtoto wa kwanza wa njia hii. Mirija ya mama yake ilikuwa imeziba. Njia ya kwanza isingemfaa kitu. Hapa Uganda mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa mwaka 2004.

Sasa turudi kwenye lugha. Mkulima hupanda mbegu, lakini hupandikiza mche uliokwisha kuota kitaluni. Kwa hiyo neno upandikizaji linaifaa njia ya pili, ambapo kilichoanza kukua nje ndicho huhamishiwa ndani. Kuliita jambo la kwanza upandikizaji ni kupotosha. Uhimilishaji nalo ni neno lililoundwa vizuri, kwani kuhimili ni kubeba. Hata hivyo, nchini Tanzania limezoeleka zaidi kwa ng'ombe, na mke atakayelikuta katika cheti chake huenda akaona amedharauliwa.

Aidha, gharama ya kosa hailipwi na mfasiri. Mke mwenye mirija iliyoziba akichanganyiwa majina haya anaweza kuuza shamba kwa ajili ya tiba isiyoweza kumsaidia.

Tunapendekeza, hadi wataalamu wa istilahi watakapoafikiana, tuseme wazi: "kuweka mbegu katika mji wa mimba" kwa njia ya kwanza, na "kutungisha yai maabarani na kupandikiza kiinitete" kwa ya pili. Ni maneno marefu, lakini anayeyasoma atajua atakachofanyiwa. Walimu wenzetu, tunawaalika mlijaribu zoezi hili madarasani mwenu.