Subira ya Mpiga Picha wa Madina

Siku hizi kila arejeaye kutoka Hija au Umra hutuletea picha tele katika simu, nasi huzipitisha kwa kidole upesi upesi. Yafaa tuwasimulie wana wetu taabu waliyoipata waliotangulia.

Mwaka 1861 Muhammad Sadiq Bey, mhandisi wa jeshi la Misri, alitumwa Hijazi kupima njia iendayo Madina. Pamoja na vyombo vya upimaji alichukua kamera. Picha alizopiga huko, za mji na za Msikiti wa Mtume (S.A.W.), ndizo za kwanza zijulikanazo.

Zama hizo filamu haikuwapo. Kioo kilipakwa dawa ya kunata iitwayo kolodioni, kikatoswa katika maji ya nitrati ya fedha, kikatiwa kamerani kingali kibichi. Kilikuwa kizito kupokea nuru, hivyo lenzi iliachwa wazi kwa sekunde kadhaa au zaidi.

Hapo palikuwa na mitihani miwili. Wa kwanza ni wa joto: kioo kikikauka kabla ya kusafishwa, picha imepotea. Muda wenyewe ni dakika 10 hivi, na jua kali huupunguza. Hivyo chumba cha giza, japo hema, hakina budi kuwa karibu. Wa pili ni wa watu: apitaye mbele ya lenzi hufutika kama moshi, atuliaye ndiye abakiaye. Ndiyo maana picha nyingi za kale zaonyesha njia tupu, ilhali zilijaa watu.

Filamu nayo haikuuondoa mtihani huo. Nuru ikiwa haba, filamu huzidi kuwa nzito kadiri muda urefukavyo. Kijana apigaye picha ya msikiti usiku wa Ramadhani kwa filamu ya Ilford HP5 Plus, kipimo kikimwambia sekunde 10, aipe kama 20. Kamera nayo iwekwe juu ya stendi ya miguu mitatu, isiguswe.

Mwaka 1880 Sadiq Bey alisafiri na msafara wa Mahmal akiwa mweka hazina wake, akaipiga picha Makka pia. Tuwaonyeshapo wana wetu picha za aina hiyo, tuwaulize: ni wangapi waliopita pale, tusiowaona? Walikuwapo, wakienda kuswali. Ila kioo hakikuwadiriki.