Siku ya Jamaa Katika Makumbusho ya Arusha

Mzazi akipata fedha kidogo baada ya kuuza kahawa, huwaza bati, au mbuzi, au nguo za sikukuu. Mimi nami niliwaza hivyo. Lakini mama watoto akasema, “Watoto wetu wamezoea njia tatu tu: ya shule, ya kanisa na ya gulio. Tuwapeleke Arusha wakaone makumbusho.” Jirani mmoja aliposikia akacheka, akasema, “Mtalipa nauli mkatazame mifupa?” Hata hivyo tulikwenda, sisi wawili na watoto watatu: binti wa miaka minane, mdogo wake wa kiume wa miaka sita, na kitinda mimba wa miaka minne. Leo napenda kuwasimulia tuliyoyaona, pamoja na kosa nililofanya mimi, ili nanyi mkienda msilirudie.

Makumbusho hayo huitwa Makumbusho ya Elimu Viumbe. Yamo ndani ya Boma la zamani la Wajerumani, lililokwisha kujengwa mwaka 1900. Ukifika kwenye mnara wa saa, panda Barabara ya Boma, nawe utalikuta huko mwisho. Si jumba kubwa, na kwa watoto wadogo hiyo ni heri, maana mtoto hachoki kabla ya kuona. Kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha wageni. Tulitoka nyumbani alfajiri, tukachukua ndizi za kuchemsha, mayai na maji, kwani mtoto mwenye njaa hasikii somo lolote.

Tulianza na wadudu. Wadogo hawajui kusoma, basi nikawapa kazi: “Hesabuni miguu.” Wakahesabu, wakapata sita kwa kila mdudu. Ndipo nikawauliza, “Na buibui wa jikoni kwetu, ana mingapi?” Hawakujua. Walipofika nyumbani walimtafuta wenyewe, wakapata minane, wakaja mbio kuniambia kuwa buibui si mdudu kama wale. Jambo hilo sikuwafundisha mimi. Walilipata kwa macho yao. Kumbe mtoto akipewa kitu kimoja cha kutafuta huona mengi, lakini akiambiwa “tazama tu” haoni kitu.

Kisha tukaingia palipoelezwa chimbuko la mwanadamu. Hapo kuna habari za nyayo za Laetoli, mahali palipo kusini ya Bonde la Olduvai, katika nchi yetu hii. Habari yenyewe huwafurahisha watoto. Mwaka 1976 wataalamu fulani walikuwa Laetoli wakitupiana kinyesi kikavu cha tembo kwa mchezo. Mmoja wao, Andrew Hill, alianguka alipokuwa akikwepa, na pale chini akaona alama za kale juu ya mwamba, nyayo za wanyama. Mwaka 1978, kundi lililoongozwa na Mary Leakey likaona nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, kama sisi. Njia ile ina urefu wa mita 27 hivi, na umri wake ni yapata miaka milioni 3.6.

Hapo ndipo kosa langu lilipotokea. Binti yetu akauliza kwa sauti kubwa, “Baba, nani alihesabu hiyo miaka? Alikuwako?” Watu waliokuwa karibu wakageuka. Nikaona haya. Mimi ni karani wa parokia, tena nilisomea ualimu, na jibu sikuwa nalo. Basi nikamwambia kwa ukali, “Nyamaza, usitutie aibu mbele za watu.” Akanyamaza. Alinyamaza kabisa, hata nilipomwonyesha vitu vingine aliitikia tu, “Ndiyo, baba,” huku akitazama chini.

Tukatoka nje kula kivulini. Wadogo walikula, lakini yule mkubwa alishika ndizi yake bila kuila. Mama yake akaniambia polepole, “Baba watoto, tumelipa nauli ili mtoto afumbue macho, nawe umemfunga mdomo. Swali lake lilikuwa baya?” Nikatafakari. Swali halikuwa baya. Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na lililoniudhi ni kutojua kwangu. Nikakumbuka pia miaka niliyofundisha darasani, nikahesabu moyoni ni watoto wangapi niliowanyamazisha kwa sababu hiyo hiyo.

Nikamshika binti mkono, nikamwambia, “Mwanangu, sikujua jibu. Twende tukaulize wote wawili.” Tukarudi ndani, nikamwuliza mwongozaji mimi mwenyewe, kwa sauti ile ile kubwa. Hakutucheka. Alieleza hivi. Nyayo zile zilikanyagwa katika majivu ya mlima wa moto. Mvua nyepesi ikayalowesha, viumbe wakapita, majivu yakakauka yakawa magumu kama saruji, kisha majivu mengine yakayafunika. Sasa, ndani ya majivu ya namna hiyo mna madini yaitwayo potasiamu. Sehemu ndogo ya madini hayo hugeuka polepole sana kuwa gesi iitwayo agoni, kwa mwendo usiobadilika, ambao wataalamu wameupima. Jiwe linapoyeyuka katika moto wa mlima, gesi ya zamani hutoka, na hesabu huanza upya. Basi wakipima gesi iliyokusanyika, hujua miaka iliyopita.

Binti alikunja uso, hakuelewa vema. Nikamwambia, “Ni kama mshumaa wa altare. Ukijua unaungua kiasi gani kwa saa moja, ukiukuta umebaki nusu, huwezi kujua uliwashwa saa ngapi?” Akasema, “Naweza, hata kama sikuwako.” Kisha akala ndizi yake yote.

Jioni, ndani ya basi, kijana wa miaka sita akaleta swali lililo zito zaidi: “Na Adamu je?” Najua, wasomaji, wengi wenu mnaliogopa swali hili, wazazi wengine hukataa kuwapeleka watoto makumbusho kwa ajili yake. Msiogope. Mwaka 1950 Papa Pius XII, katika barua yake Humani Generis, hakuwakataza wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa binadamu, ila alikaza kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe moja kwa moja. Na tarehe 22 Oktoba 1996 Papa Yohane Paulo II aliwaandikia wanasayansi wa Chuo cha Kipapa kwamba mafundisho ya mageuzi ya viumbe yamekuwa zaidi ya dhana tu. Kwa kijana wetu nilisema kwa maneno machache: “Mungu ndiye aliyetuumba. Wataalamu wanachunguza njia aliyoitumia, na kazi hiyo bado inaendelea.” Akaridhika, akalala.

Wiki ile ile tulifanya somo la nyayo uani kwetu, nanyi mnaweza kulifanya bila senti moja. Twanga majivu ya jikoni, yachekeche, yatandaze mahali tambarare, yanyunyizie maji kidogo. Watoto wapite juu yake, na kuku nao wapite. Acha yakauke juani. Kisha waulize: nani alitangulia? Nani alikuwa mzito? Nani alikuwa akikimbia? Kule Laetoli pia zimeonekana alama za kanga na sungura, hata matone ya mvua. Wataalamu wengi husema watu wa njia ile walikuwa watatu, mmoja mdogo akienda kando ya mkubwa, na wa tatu akikanyaga katika nyayo za yule mkubwa. Kitinda mimba aliposikia hayo, alikwenda akaweka mguu wake juu ya unyayo wangu, akasimama hapo kwa furaha.

Basi, mzazi mwenzangu, ukipata nafasi ya kwenda, nenda. Ondoka mapema, beba chakula, usilazimishe kuona vyote. Vitu vitatu vilivyoangaliwa vema vinatosha. Wafundishe watoto kutogusa vioo na kutokimbia. Lakini zaidi ya hayo yote, mtoto akiuliza, usimfunge mdomo. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Ukijua, mjibu. Usipojua, sema hujui, kisha mtafute jibu pamoja.

Yule jirani aliyetucheka amekwisha kuja mara mbili kutazama majivu ya uani. Juzi aliniuliza nauli ya Arusha ni kiasi gani.