Msumeno wa sheria kwenye maegesho ya Jumamosi

Mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Colorado kilipiga marufuku uuzaji wa bia katika uwanja wake wa Folsom Field, mjini Boulder. Watafiti waliofuatilia mechi za nyumbani kabla na baada ya marufuku walikuta tofauti kubwa: waliokamatwa walipungua, mapigano yalipungua, mashabiki waliotolewa nje walipungua, na wanafunzi waliofikishwa kwenye ofisi ya nidhamu nao walipungua.

Miaka 15 baadaye, Chuo Kikuu cha West Virginia, huko Morgantown, kilifanya kinyume kabisa. Mwaka 2011 kilianza kuuza bia uwanjani, na msimu ulipokwisha polisi wa chuo nao walisema fujo zimepungua.

Chuo kimoja kilikataza, kingine kiliruhusu, na vyote viwili vikapata utulivu. Anayetaka kuelewa vita vya pombe kwenye mpira wa vyuo vya Marekani aanze na fumbo hilo, kwa sababu jibu lake linagusa kila mahali ambapo vijana, sherehe na chupa hukutana. Colorado iliziba chanzo cha bia ndani ya uwanja. West Virginia iliziba tundu jingine: kabla ya hapo mashabiki waliruhusiwa kutoka wakati wa mapumziko, kwenda kwenye magari yao, kunywa harakaharaka kwa dakika 20, kisha kurudi vitini. Mkuu wa michezo wa chuo wakati huo, Oliver Luck, aliporuhusu bia alifuta ruhusa hiyo. Ukitoka, umetoka. Aliyekuwa akimimina pombe kali tumboni pembeni ya gari sasa alilazimika kupanga foleni, kuonyesha kitambulisho na kulipa bei ya uwanjani kwa kila kikombe.

Kila chuo kilitafuta mahali madhara yanapoingilia, kikapaziba, kisha kikaweka mtu wa kupalinda. Kazi hiyo ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika.

Karamu kabla ya mpira

Jumamosi za kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Novemba, miji midogo ya vyuo Marekani hufurika. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, una nafasi za watu 107,601, na ule wa Penn State nao hupokea zaidi ya 100,000. Mpira wenyewe, ule wa Kimarekani wa kubebwa mkononi na kuangushana, mara nyingi huanza mchana au jioni. Watu huanza kuwasili asubuhi.

Huegesha magari, hufungua milango ya nyuma, huwasha majiko ya mkaa, hukunjua viti na kuweka masanduku ya barafu chini ya mahema. Wenyewe huiita karamu hiyo teligeti. Katika Chuo Kikuu cha Mississippi, mjini Oxford, hufanyika chini ya miti ya bustani iitwayo The Grove, na familia nyingine hutundika vinara vya taa ndani ya mahema na kutandika vitambaa mezani kama wapo harusini. Babu aliyehitimu miaka 50 iliyopita hula nyama na mjukuu aliyeanza mwaka wa kwanza. Mgeni asiyejulikana hukaribishwa sahani. Ni desturi nzuri, na asiyeiona uzuri wake hawezi kuitungia sheria itakayoheshimiwa.

Ndani ya masanduku yale ya barafu, hata hivyo, kuna bia nyingi, na pombe kali humiminwa kwenye vikombe vyekundu vya plastiki ambavyo havimwonyeshi mpita njia kilichomo. Wachumi Daniel Rees na Kevin Schnepel, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, walilinganisha siku za mechi za nyumbani na siku nyingine katika miji ya vyuo. Mashambulizi yalipanda kwa takriban asilimia 9, uharibifu wa mali asilimia 18, na watu kukamatwa kwa kuendesha wakiwa wamelewa asilimia 13. Utafiti mwingine wa mwaka 2018, wa Jason Lindo na wenzake, ulionyesha kuwa siku za mechi ripoti za wasichana na wanawake wa miaka 17 hadi 24 kubakwa hupanda kwa asilimia 28. Anayesema ulevi wa teligeti ni furaha tu ya vijana azisome takwimu hizo mara mbili.

Namba 21

Sheria kuu inayotawala maegesho hayo ilizaliwa barabarani. Mwaka 1980, huko California, Candy Lightner alipoteza binti yake wa miaka 13, aliyegongwa na dereva mlevi, akaanzisha chama cha akina mama dhidi ya ulevi barabarani. Shinikizo la chama hicho na wengine lilifika Washington, na Julai 1984 Rais Ronald Reagan alisaini sheria iliyoyabana majimbo kwa mfuko wa fedha: jimbo litakaloruhusu mtu wa chini ya miaka 21 kununua pombe lingekatwa sehemu ya fedha za barabara kuu. South Dakota ililalamika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ikashindwa mwaka 1987. Kufikia mwaka 1988 majimbo yote yalikuwa yamekubali. Mwaka 1989 sheria nyingine ikavidai vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu viwe na kanuni dhidi ya pombe haramu kwa wanafunzi, na vizisimamie.

Hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza wana miaka 18 hadi 20. Jumamosi wanakaa kwenye hema moja na kaka wa miaka 22 na mhitimu wa miaka 50, na sanduku la barafu ni lilelile. Katika jimbo la Wisconsin mambo huchanganyika zaidi, kwa kuwa sheria huko humruhusu kijana wa chini ya umri huo kunywa akiwa na mzazi wake. Polisi anayepita kati ya mahema mia hana namna ya kujua kwa macho nani anakunywa soda, nani anakunywa wiski, na nani yupo na mama yake.

Kwa hiyo vyuo vilijifunza kuweka mipaka inayoonekana: saa, mahali, chombo na mtu. Maegesho hufunguliwa saa fulani na si kabla. Chupa za kioo hukatazwa, kwa sababu hupasuka na pia hugeuka silaha. Mapipa ya bia hukatazwa, kwa sababu pipa likishafunguliwa hakuna anayehesabu vikombe. Faneli za kumimina bia kooni na michezo ya kushindana kunywa hukatazwa. Kila hema huwa na mwenyeji anayejulikana, atakayewajibika kwa wageni wake.

Mingi ya mipaka hiyo iliwekwa baada ya msiba. Novemba 2011, kabla ya mechi ya Harvard na Yale huko New Haven, lori la kukodi lililokuwa likipeleka mapipa ya bia kwenye teligeti liliparamia watu. Mwanamke wa miaka 30 alifariki na wengine wawili walijeruhiwa. Dereva hakukutwa amelewa. Kilichokosekana ni mpaka kati ya malori na umati. Miezi michache baadaye Yale ilipiga marufuku mapipa ya bia na malori makubwa, ikatenga eneo la wanafunzi lisiloingiwa na magari, na kuamuru karamu ziishe mpira unapoanza. Kanuni hizo ni nyepesi kuelewa na nyepesi kukagua. Inauma kwamba hazikuwepo kabla ya msiba.

Jacksonville, Florida, ilionyesha upande wa pili. Mechi ya kila mwaka kati ya Georgia na Florida ilikuwa na jina la utani lililoisifu kama karamu kubwa ya pombe kuliko zote duniani inayofanyika nje. Wanafunzi wawili walifariki katika wikendi za mechi hiyo za mwaka 2004 na 2005, na mwaka 2006 vyuo na uongozi wa ligi viliomba jina lile lisitumike tena. Ombi lilikuwa sahihi. Lakini kufuta jina hakumzuii yeyote kufungua sanduku la barafu.

Msumeno ukate pande zote

Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kwenye maegesho ya vyuo msumeno huu una kishawishi cha kukata upande mmoja. Eneo la wanafunzi hujaa askari, na kijana wa miaka 19 mwenye kopo la bia huandikiwa faini, huitwa kwenye ofisi ya nidhamu na huenda akapoteza tiketi zake za msimu. Jirani yake kuna maegesho ya karibu kabisa na uwanja, ambayo katika vyuo vingi hupewa wanaochangia fedha nyingi. Huko kuna watu wazima wenye haki ya kunywa, na pia wenye funguo za magari mifukoni.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwapima mashabiki 362 wakitoka kwenye mechi za besiboli na mpira wa Kimarekani za ligi za kulipwa, na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Asilimia 40 walikuwa na pombe mwilini, na karibu asilimia 8 walikuwa wamevuka kiwango cha kisheria cha ulevi. Waliohudhuria teligeti walikuwa na uwezekano mara 14 zaidi wa kuwa wamevuka kiwango hicho. Teligeti ya chuo huisha kwa njia ileile: maelfu ya watu wanarudi kwenye magari kwa wakati mmoja. Barabara haimuulizi dereva umri wake wala kiasi alichochangia. Chuo kinachomfukuza kijana na kumwachia mfadhili aliyelewa aondoke akiendesha kimelinda takwimu zake na kusahau uhai wa watu.

Usimamizi unaofaa huwafuata wanaorudia makosa. Wisconsin na Minnesota zilianzisha utaratibu ambao mwanafunzi aliyewahi kutolewa uwanjani kwa ulevi hupuliza kipimo kabla ya kuingia kwenye mechi zinazofuata. Akiwa safi anaingia na kushangilia na wenzake. Adhabu hiyo haimtengi na jamii yake. Inamdai awe na akili timamu ili arudi humo. Polisi nao hawalazimiki kumshuku kila mtu.

Usimamizi unaofaa una huruma pia. Kijana anapozimia kwa pombe, rafiki zake wenye miaka 19 huogopa kupiga simu ya dharura kwa sababu nao wamekunywa. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Cornell kiliweka utaratibu wa kutowaadhibu kinidhamu wanaoomba msaada wa daktari kwa ajili ya mlevi, na mwaka 2012 jimbo la Indiana lilipitisha sheria ya namna hiyo. Taasisi ya taifa ya utafiti wa pombe ya Marekani inakadiria kuwa zaidi ya vijana 1,500 wa vyuo wenye miaka 18 hadi 24 hufariki kila mwaka kwa ajali zinazohusiana na pombe. Kanuni inayomfanya rafiki asite kunyanyua simu inachangia hesabu hiyo, hata kama iliandikwa kwa nia njema.

Ndani kuna utaratibu, nje kuna mwanya

Mei 2019 ligi ya SEC, yenye vyuo vya kusini vinavyoupenda mno mpira huu, iliruhusu vyuo vyake kuuza pombe katika maeneo ya wazi ya viwanja. Masharti yake yalikuwa wazi: bia na mvinyo tu, kikomo cha vikombe kwa kila manunuzi, kitambulisho kila mara, hakuna wachuuzi kati ya viti, na mauzo kufungwa robo ya tatu inapoisha. Mita chache nje ya lango sanduku la barafu halina muuzaji, halina bei na halina saa ya kufungwa. Maegesho yakibaki wazi mpira ukiendelea, masharti yote ya ndani huwa yanawahusu wastaarabu peke yao.

Dawa zake zinajulikana tayari: karamu iishe mpira unapoanza, anayetoka asirudi, kila hema liwe na mtu mzima anayewajibika kisheria, chakula na maji vipatikane kila kona, mabasi ya kurudisha watu yawepo hadi usiku. Anayedai kuwa bila pombe hakuna sherehe aende Provo, Utah, kwenye chuo cha Brigham Young. Kanuni za chuo hicho cha Wamormoni zinakataza pombe kabisa, na bado uwanja wake hujaza zaidi ya watu 60,000 wanaopiga kelele na kula andazi tamu lenye urefu wa takriban sentimita 40. Si kila chuo kina imani hiyo, lakini ushahidi ni kwamba furaha ya mpira inasimama kwa miguu yake.

Haya yanawagusa na wasomaji wetu. Kijana wa Kenya au Tanzania anayetimiza miaka 18 huruhusiwa kisheria kunywa nyumbani. Akifika chuo cha Marekani anarudi kuwa mtoto mbele ya sheria hadi afikishe 21. Tangu mwaka 2015 kukamatwa kwa kuendesha ukiwa mlevi kunaweza kufuta viza yako hata kabla mahakama haijaamua. Mzazi anayemsindikiza mwanawe uwanja wa ndege amweleze hayo waziwazi, pamoja na kumkumbusha sweta.

Serikali ya Kenya nayo, katika sera yake ya mwaka 2025 ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, imependekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka 18 hadi 21. Pendekezo hilo linastahili mjadala wa heshima, na Marekani imeshautangulia kwa miaka 40. Kubadili namba kulichukua miaka minne tu, kuanzia 1984 hadi 1988. Kuisimamia kumekuwa kazi ya kila Jumamosi tangu wakati huo, na bado haijaisha. Kabla bunge lolote halijapiga kura ya kupandisha umri, lipange kwanza askari, fedha, magari ya wagonjwa na kanuni ya kumlinda anayeomba msaada, kisha litamke kwamba tajiri na mwanafunzi watapulizia kipimo kimoja.